Mkono wa Mwisho Mstarini

Mechi ya magongo ya barafuni inapokwisha, watu wa kijiji cha Voskin hawakimbilii magari yao. Hubaki wamesimama kwenye mabenchi ya mbao, pumzi zikiwatoka kama moshi wa kuni mbichi, wakingoja mstari upite. Timu mbili hujipanga kwa safu zinazotazamana, kila mchezaji huvua glavu ya kulia, na safu hizo hupishana taratibu juu ya barafu, kiganja kwa kiganja, "mchezo mzuri, mchezo mzuri, mchezo mzuri," hadi mtu wa mwisho. Uwe umeshinda, uwe umeshindwa, uwe umepasuliwa mdomo na huyo huyo anayekunyooshea mkono, unaupokea. Mtoto wa Voskin hulijua hilo kabla hajajua kujifungia kamba za viatu vyake vya vyuma vya kutelezea.

Lesia Dubik alikuwa kipa wa Korongo, timu ya wanawake, na kwa desturi ya Korongo kipa ndiye anayefunga mstari. Nyuma yake hayupo mtu. Alipapenda mahali hapo. Alikuwa msichana wa haya, asiyeweza kumtazama mtu usoni hadi akamaliza sentensi, na mstarini hakuna anayekulazimisha kutazama. Alipandisha kinyago chake utosini, akainamisha kichwa, akaangalia mikono tu: yenye sugu, yenye plasta, yenye rangi ya kucha iliyobanduka. Mwishoni kabisa huja mikono ya makocha, mikavu, yenye harufu ya kahawa.

Ilikuwa Jumamosi mchana, katikati ya Januari. Korongo walikuwa wameshinda, na mstari ulikuwa ukipita kama kawaida. Mkono wa kocha wa wageni ulikuja, ukaenda. Kisha ukaja mwingine.

Lesia aliupokea bila kuwaza. Ulikuwa mtupu, kama ilivyo mikono yote mstarini, ila ulikuwa umelowa. Halikuwa jasho. Ulilowa kama samaki aliyevutwa sasa hivi kutoka kwenye tundu la barafu, na baridi yake ilimpanda hadi kwenye kiwiko.

"Mchezo mzuri," alisema.

Dole gumba la mkono ule likambonyeza mgongoni mwa kiganja, mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayoijua.

Aliponyanyua kichwa hakukuwa na mtu. Kulikuwa na barafu nyeupe iliyochanwachanwa na vyuma, na wageni wakitoka kwa mlango wao, na kule juu ya mabenchi mama yake, Halia, akifuta meza ya kantini. Kiganja chake kilikuwa kinachuruzika maji.

Duniani alikuwepo mtu mmoja tu aliyewahi kumpa mkono kwa namna ile, na mtu huyo alikuwa ziwani tangu Machi ya mwaka uliopita.

*

Taras alikuwa kaka yake. Walipokuwa wadogo, baba yao Orest aliwamwagia maji nyuma ya nyumba yakaganda, wakacheza wawili tu hadi midomo ikawa mizito. Kila mchezo ulipokwisha Taras alimlazimisha dada yake wapange mstari: mstari wa mtu mmoja na mtu mmoja.

"Lete mkono, we kinda," alikuwa akisema. "Bila mkono mchezo haujaisha."

Kisha alimbonyeza kwa dole gumba mara mbili. Ya kwanza, alimweleza, ni ya mchezo. Ya pili ni ya udugu.

Alikua akawa mchezaji wa kufuatwa kwa macho. Alipita ligi za vijana mjini, akarudi kuchezea timu ya wanaume ya Voskin huku akingoja vuli, maana timu moja ya kulipwa ya huko mashariki ilikuwa imemwita kambini. Kwenye fainali ya Machi walikutana na Elmfeld, kijiji cha ng'ambo ya ziwa, na kwa Elmfeld alichezea Kendall Friesen, rafiki yake tangu meno ya utoto. Mwishoni mwa mchezo Kendall alimgonga kwa nyuma, akamtupa ukutani. Refa hakuona, au aliona akameza filimbi. Taras akiwa bado yuko chini, Elmfeld walifunga, na king'ora kikalia.

Mstarini Kendall alinyoosha mkono. Taras aliutazama. Akaurudisha wake ndani ya glavu, akateleza moja kwa moja hadi mlangoni.

Ukumbi mzima uliona. Kendall alibaki pale, mkono ukiwa hewani, kama mtu anayeomba maji kwenye nyumba iliyohamwa.

Jioni ile ile Taras alipanda pikipiki ya theluji akaingia ziwani, wakati barafu ya Machi imeshaanza kuoza kwa chini. Kilichopatikana ni tundu, mbali kule, kupita katikati ya ziwa, na glavu moja ya kulia kando yake. Mwili haukuonekana, si kwa nyavu, si kwa wapiga mbizi. Watu walisema hasira ndiyo iliyompeleka. Walisema pia, kwa sauti ya chini ili Halia asisikie, kwamba mkono usiotolewa barafuni hubaki barafuni.

Ndiyo sababu Lesia asingeweza kuukwepa mstari, hata baada ya kujua kilichokuwa mwisho wake. Dubik mmoja alishaukwepa.

*

Mkono ulirudi mechi iliyofuata, na iliyofuata. Siku zote ulikuja upande wa wageni, nyuma ya kocha wao, na siku zote Lesia alikuwa ameinamisha kichwa. Alijifunza kutonyanyua macho. Aliponyanyua, uliondoka, asiponyanyua, ulikaa. Kufikia mwezi wa pili mkono ulikuwa ukikaa muda wa kutosha wachezaji wenzake wote kuingia chumba cha kubadilishia nguo, naye yupo peke yake katikati ya barafu, mkono mbele, kama mtu anayepima mvua. Watu wakadhani anaomba. Walimwacha.

Hakumwambia mtu. Angesemaje? Tena, ingawa aliona aibu kulikiri hata moyoni, aliungoja. Wiki nzima aliungoja. Kaka yake alikuwa amebaki na mkono, na mkono huo ulikuwa wake Lesia peke yake.

Lakini kila ulipomwachia, wake ulichelewa zaidi kurudi. Vidole viliwaka, kisha vikaacha kuwaka, na hilo likawa baya zaidi. Vitatu vya pembeni vilibaki vyeupe kama mishumaa hata alipovitumbukiza kwenye maji ya vuguvugu. Gongo la kuzuilia kisahani cha mpira likaanza kumponyoka golini.

"Wee Lesia!" Rayleen Cardinal, beki wake, alimvamia chumbani akiwa bado na jezi iliyolowa. "Gongo limeanguka tena. Umepaka siagi?"

"Limeteleza tu."

"Limeteleza! Shoga, kile kisahani kikiingia wavuni natukanwa mimi. Unawajua shangazi zangu. Leo mmoja ameniita mlango wa zizi mbele ya kasisi." Akamnyakua mkono kwa utani, kisha akauachia haraka kama aliyeshika chuma kilicholala nje kwenye baridi. Utani ukamtoka usoni. "Mama yangu. Hii nini?"

"Baridi."

"Mimi pia nina baridi. Huu mkono ni nyama ya kwenye friji. Inuka. Zahanati, sasa hivi. Ukikataa nakubeba pamoja na hayo mapedi yako, na unajua nina uwezo."

Muuguzi wa zahanati alivigeuza vile vidole chini ya taa.

"Ulikaa nje bila glavu?"

"Hapana."

"Basi baridi yako ni ya ajabu, binti. Imekula mkono mmoja, mwingine ikauruka." Alibonyeza ncha ya kidole cha mwisho; Lesia hakuhisi. "Nisikilize vizuri. Hivi bado vinaweza kupona. Vikiganda tena namna hii, hata mara moja, vitakatwa. Kwa hiyo chochote kile kinachokugandisha, kaa mbali nacho."

"Jumapili kuna fainali," alisema Lesia.

"Na Jumatatu kuna kisu," alijibu muuguzi.

Fainali ilikuwa dhidi ya Bweha, wanawake wa Elmfeld. Kocha wao alikuwa Kendall Friesen. Tangu Machi ile hakuwahi tena kuvaa viatu vya vyuma. Alifundisha tu, na mechi zikiisha alitembea mwisho wa mstari wa timu yake kwa viatu vya kawaida.

*

Nyumbani, mchana wa siku ya pili yake, Lesia alijaribu kunywa supu nyekundu ya bitiruti kwa mkono wa kushoto. Orest, ambaye ndiye aliyemwaga na kutunza barafu ya ukumbi, alimtazama, akaacha kula.

"Mkono umefanya nini?"

"Nimegongwa na kisahani." Kisha, ili asiulizwe zaidi: "Baba, barafu ya ukumbini mwaka huu mbona hailii?"

Maana barafu isiyo ya mashine, baridi inapokaza, hulia. Hupasuka chini kwa chini kwa mlio wa bunduki, huguna, huimba. Watoto wa Voskin hulala usingizi ukumbini wakiisikia. Mwaka huo, katika baridi ya kuua ng'ombe wamesimama, haikutoa hata mnong'ono.

Orest aliweka kijiko. "Na wewe umeliona."

"Kila mtu ameliona, hakuna anayesema. Maji ulichota wapi?"

"Ningechota wapi? Ya kisima yana kutu, barafu yake njano, laini kama jibini. Ziwani, kama kila mwaka."

"Gatini?"

Mama, aliyekuwa akiosha sufuria, alifunga bomba.

"Nilikwenda mbele zaidi," alisema Orest. "Desemba barafu ilikuwa inabeba trekta. Nikaenda na tangi mpaka pale."

"Orest," alisema Halia.

"Nilijua ninachofanya, mke wangu. Nilitoboa pale pale, nikasimama na pampu, nikasema, kama hatoki kwa nyavu, basi na aje kwa maji. Angalau awe ndani ya ukumbi. Angalau asikie watu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayeeleza bei ya ngano. "Nikimwagilia barafu kila jioni, nazungumza naye. Hajanijibu."

Halia alivuta kiti akakaa karibu na mumewe, mikono bado ina povu. Lesia aliuficha mkono wake chini ya meza. Alitaka kusema: amekuja, baba. Yupo. Lakini kama angesema hivyo ingebidi aonyeshe vidole, na baba yake angeelewa kile alichokichota.

*

Jumapili ile fainali ilitanguliwa na mchezo wa watoto, wale wanaoanguka zaidi ya wanavyosimama. Lesia alikaa kando ya mlango wa barafu akiwa ameshavaa mapedi, akiwatazama, kwa kuwa kutazama kulikuwa rahisi kuliko kufikiri. Bado hakuwa ameamua. Angeweza kukaa mbali na mstari, akawaacha watu waseme, Dubik wa pili huyo. Angeweza kuupokea mkono, akapoteza vidole. Na katika moyo wake, Mungu amsamehe, alikuwa anaelekea kwenye hilo la pili.

King'ora kikalia. Makocha wakawapanga watoto kwa safu. Msichana mmoja mdogo wa Voskin, kofia ikimmeza hadi puani, alipotea, akaingia safu ya wageni. Akateleza nayo hivyo hivyo, kwa heshima zote, akiwapa mikono watoto wa timu yake mwenyewe.

Mabenchi yakaangua kicheko.

"Oya, kamsajili!" mtu alipaza sauti. "Elmfeld wamemnunua kwa peremende!"

Ndani ya safu ile ile, yule mtoto aliona mgongo wa rafiki yake wa Elmfeld mbele yake, akanyoosha mkono, akaita jina lake. Rafiki hakugeuka. Angegeukaje? Walio safu moja hawapeani mikono. Kila mmoja anautazama mgongo wa mwenzake hadi mwisho. Mtoto akaanza kulia. Ndipo kocha wake akaja, akamshika jezi shingoni, akamzungusha akamweka safu yake, na yule rafiki alipofika mbele yake wakapeana mikono, kilio kikaisha.

Lesia alisimama.

Taras alikuwa anakuja upande wa wageni. Kila mara. Leo mbele yake angekuwa Kendall, hatua moja mbele, amempa mgongo. Angeweza kumfuata Kendall Friesen misimu yote iliyobaki ya dunia asimfikie, kwa sababu amesimama safu isiyo yake. Na mwisho wa safu ile anakutana na mkono mmoja tu ulio wazi, wa dada yake, anaushika jinsi mtu anayezama anavyoshika chochote.

Hakuwa anamtafuta yeye. Hilo ndilo lililomuuma, likamuuma mahali ambapo baridi haikuwahi kufika. Majira yote ya baridi alijiona mpendwa, kumbe alikuwa nguzo tu njiani.

Akakumbuka tundu lilivyokuwa, kupita katikati, upande wa Elmfeld. Mtu mwenye hasira huenda popote. Taras alikuwa amenyoosha njia.

*

Walishindwa. Katika muda wa nyongeza mshambuliaji mmoja wa Bweha alipiga kisahani chini, Lesia akakiona vizuri kabisa, akashusha gongo, na gongo halikuwa tena mkononi mwake. Shangazi za Rayleen hawakumtukana mtu. Ukumbi ulinyamaza, na Lesia alijua unanyamazia nini: Dubik mwingine ameshindwa na Elmfeld, na mstari unajipanga.

Alivua glavu ya kulia kwa meno. Akapandisha kinyago, akashika nafasi yake, nyuma ya Rayleen.

"Inua kichwa leo," alinong'ona Rayleen. "Hatukuua mtu."

Lakini aliinamisha. Mikono ikaanza kupita. Mchezo mzuri. Mchezo mzuri. Mikono ya Bweha ilikuwa moto, ilikuwa hai, ilimuumiza. Kendall alikuja wa mwisho, akitembea hatua ndogo ndogo za mtu asiye na vyuma miguuni.

"Umedaka vizuri," alisema bila kumtazama. Wote wawili walikuwa watu wa kutazama mikono. Akapita.

Kisha ukaja.

Baridi ilimwingia kama msumari. Siku nyingine alikuwa akiulegeza mkono wake, akauacha ushikwe. Leo aliufunga. Aliubana ule mkono uliolowa kwa vidole alivyokuwa havihisi, akafumba macho.

"Njoo huku," alinong'ona. "Umesimama safu ya watu."

Akateleza kinyumenyume, akivuta. Ulikuwa mzito, uzito wa wavu uliojaa maji. Alisikia matone yakianguka juu ya barafu, mengi, na harufu ya tope la ziwa ikamjaa puani, harufu ya mwezi wa Machi. Mkono ulisita. Akauvuta tena, akajizungusha polepole juu ya vyuma vyake, mpaka kile kilichokuwa mbele yake kikawa nyuma yake, pale ambapo desturi inasema hapasimami mtu.

Akafungua macho. Kendall alikuwa ameshafika karibu na benchi lake.

"Kendall!"

Hakuna aliyewahi kumsikia Lesia Dubik akipaza sauti. Ukumbi wote uligeuka.

"Bado mmoja," alisema. "Umemruka."

Kendall aliwatazama wachezaji wa Korongo wakiingia mlangoni, akamtazama yeye. "Nimemruka nani?"

"Yuko nyuma yangu."

Hakuna mtu wa barafu ile anayeambiwa ameruka mkono akaondoka, na kwa mtu yule ilikuwa vigumu zaidi kuliko kwa mwingine yeyote. Alirudi. Lesia alikuwa amejiapiza asigeuke, kwa hiyo akautazama uso wa Kendall tu, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuutazama tangu ajali. Kwanza ulikuwa uso wa mtu anayedhani anachezewa shere. Kisha macho yake yalipita juu ya bega lake, yakasimama, na damu ikashuka usoni kama maji yanayotolewa kizibo.

"Alikuwa anakuja kwako," Lesia alisema kwa sauti ndogo. "Jioni ile. Tundu lilikuwa upande wenu."

Kendall alinyoosha mkono, polepole, pembeni ya bega la Lesia.

Hapo Lesia alihisi dole gumba likimbonyeza. Mara moja. Aliingoja ya pili, akaingoja kwa moyo wake wote, lakini mkono ulifunguka, ukamwachia.

Mbele ya macho yake kiganja cha Kendall kilijifunga. Hakikufunga ngumi, kilikomea kwenye unene wa mkono mwingine, na kikatikisika, juu, chini.

"Mchezo mzuri," alisema Kendall. Sauti ikamkatika, akaiokota tena. "Mchezo mzuri, ndugu yangu. Nilikugonga kwa nyuma. Nilijua ni kwa nyuma. Nilijua."

Barafu ikalia.

Ilipasuka kutoka goli hadi goli kwa mlio ulioinua vumbi la theluji kwenye mabati, mlio wa miezi yote uliokuwa umezuiwa, kisha ikaguna, ikaimba, ikatulia. Watu walipiga kelele, wengine wakacheka kwa woga. Kule juu Orest alikuwa amesimama, kofia kifuani, na Halia amemshika mkono.

Kendall aliuteremsha mkono wake. Maji yalikuwa yanamdondoka vidoleni. Hakuyafuta. Alitembea hadi mlangoni akiwa ameushikilia mbali na koti, kama anayebeba kitu kinachoweza kumwagika.

Lesia alibaki ameganda pale hadi Rayleen alipomjia.

"Basi, shoga, basi. Tumeshindwa tu. Hakuna aliyeku..." Rayleen akauma mdomo. Akauchukua mkono wa rafiki yake, akashtuka, safari hii kwa namna nyingine. "Mbona unachoma?"

Ulikuwa unachoma kweli. Damu ilikuwa inarudi kwenye vidole, kimoja baada ya kingine, kwa maumivu ya moto wa kuni, na Lesia alilia mbele ya kijiji kizima bila kuona haya.

*

Muuguzi alivigeuza vidole chini ya taa, akavigeuza tena, akarudisha kisu chake kwenye kabati. "Sijui umefanya nini," alisema, "na wala sikuulizi."

Mwanzoni mwa Aprili Orest alifungua milango mikubwa ya ukumbi, upepo wa joto ukaingia, barafu ikawa kijivu, ikawa uji, ikawa maji. Maji yalishika mtaro, yakapita nyuma ya shule, yakateremka kurudi ziwani. Orest aliyafuata kwa miguu, kandokando, hadi ufukweni. Alikuwa akizungumza njia nzima. Aliporudi hakusema kama alijibiwa, ila alikula chakula chake chote, jambo ambalo Halia hakuwa ameliona kwa mwaka mzima.

Mkono wa Lesia ulipona. Uliachiwa alama moja tu mgongoni mwa kiganja, nyeupe, ukubwa wa dole gumba, na alama hiyo haipati joto. Hata Julai, ngano ikiwa imesimama na mbwa wamelala chini ya magari, ukiigusa utadhani umegusa chuma cha nje. Moja, si mbili. Hajui kama ni ile ya mchezo au ile ya udugu. Siku zenye joto kali huiweka shavuni, akafumba macho, na huiacha hapo hadi shavu lianze kufa ganzi.